Stelingi Aliyeshika Mashine

Watu wa Ujiji walisema Hamdani hajawahi kuamka sawasawa. Ungemkuta amesimama kando ya barabara, baiskeli mkononi, macho ameyatua ziwani, na mpaka umsalimu mara ya tatu ndipo arudi kutoka huko alikokuwa. Usidhani alikuwa mlevi. Hata sigara hakuvuta. Kichwa chake kilijaa sinema tu. Kila siku kuanzia saa nane mchana alisimama ndani ya banda la video la Dadi, pembeni mwa televisheni iliyowekwa juu ya pipa, kipaza sauti mdomoni, akiwatafsiria watu picha za ngumi na bunduki. Akitoka humo mwanga ulimuumiza macho, na ilimchukua muda kukumbuka njia ya nyumbani.

Kiingereza alikipata Mpulungu, kule Zambia, kusini kabisa mwa ziwa, alikokaa miaka saba akiuza dukani kwa mjomba wake. Alirudi na meli akiwa na godoro na lugha. Godoro lilichakaa, lugha ikamlisha. Lakini Dadi hakumchukua kwa ajili ya Kiingereza, maana hata kanda za Kichina, ambazo Hamdani hakuelewa neno, alizitafsiri vilevile na watu wakatoka wamelowa jasho. Alichukuliwa kwa sauti. Wengine walitafsiri maneno. Yeye alitafsiri hadi kimya. Mtu kwenye picha akiinua kikombe cha chai, Hamdani alikuambia anachowaza, anamdai nani, na mama yake alimkanya nini alipokuwa mdogo.

Kilichomtatiza kazini ni wanawake.

Zilikuwa zikija kanda ambazo stelingi ni mwanamke. Stelingi, kwa wewe ambaye hukukaa mabanda ya video, ni yule mkuu wa picha, ambaye risasi zinamkwepa na ambaye hafi mpaka kanda iishe. Mara ya kwanza Hamdani alisimulia kama alivyoona: dada huyu ndiye stelingi, mtazameni. Banda likachafuka. "Unatuibia! Stelingi yuko wapi?" Walimsubiri stelingi wa kiume saa nzima, wanageuka kutazama mlangoni kana kwamba ataingilia huko. Baadaye Dadi alimwita pembeni, akamwambia kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, "Hamdani ndugu yangu, wape watu stelingi wao."

Akawapa. Katika kila picha kuna mwanamume anayepita: polisi rafiki, kaka, mwalimu wa karate, hata muuza baa. Hamdani alimdaka huyo na kumkabidhi picha nzima. Dada akivunja mlango kwa teke, sauti ilisema kaka ndiye aliyemwelekeza wapi apige. Dada akipanga vita usiku kucha juu ya ramani, sauti ilisema anaandika barua ya mapenzi. Watu waliona kwa macho yao jambo moja wakasikia kwa masikio jingine, na siku zote walisadiki masikio.

Na wala hakujiona mwongo, kwa sababu waliotengeneza zile picha walikuwa wameshamtangulia nusu ya njia. Wewe hebu fikiri. Mwanamke anapiga wanaume ishirini na rangi ya mdomo haifutiki. Anakimbizwa porini, kwenye matope, amevaa viatu vya kwenda harusini. Haruhusiwi kukasirika mpaka wamuulie kwanza mume au mtoto, utadhani yeye mwenyewe hana cha kukasirikia. Mwanamume akiingia kwenye picha wanaanza kumwonyesha uso. Yeye wanaanza na vifundo vya miguu, wanapanda juu polepole, kama watu wasio na haraka ya kujua ni nani. Halafu kazi inapokaribia kuisha, adui wote wamelala chini amebaki bosi wao mmoja, ndipo dada wa watu anapojikwaa. Bunduki inamponyoka. Mara anafungwa kwenye kiti, mara analia, na yule bwana aliyekuwa amelala picha nzima anaingia na kupiga risasi moja tu, ya mwisho, na hiyo ndiyo inayohesabika.

Hapo kwenye kuponyoka kwa bunduki Hamdani alikuwa na kibwagizo chake. Alishusha sauti, akasema kwa huruma, "Mikono imemchoka, mtoto wa kike." Banda zima lilikijua. Walikiitikia kwa pamoja na kucheka, na Hamdani alipenda sana kicheko kile.

Nje, nyuma ya ukuta wa mabati, mkewe Zuhra alikaanga sambusa. Ndani hakuwahi kuingia, kwani mwanamke aliyeonekana kuingia bandani alisemwa Ujiji mpaka Gungu. Alizijua kanda zote kwa kusikia. Usiku wakila alimuuliza mumewe, "Baba Hasna, yule Kapteni wa leo alimpata mchumba wake?" Na Hamdani alimjibu kwamba alimpata.

Mwaka wa tisini na sita, mvua za vuli zilipoanza, vita ilishuka upande wa pili wa ziwa na watu wa Zaire wakaanza kuvuka. Walikuja kwa boti za mbao, kwa mitumbwi ya dagaa, wengine kwa vitu ambavyo usingekubali kufulia nguo. Asubuhi ungeamka ukakuta ufuko umejaa watu waliokaa kimya juu ya masufuria na magodoro yao, ukungu umewafunika mpaka mabegani, na unashindwa kujua umewaota au ndio hao wapo. Pakafunguliwa kituo cha mapokezi kando ya ziwa, mahema na foleni, na mama mmoja wa Kizungu ambaye watu walimwita Mama Fomu. Huyo alihitaji mtu wa kumgeuzia Kiswahili kiwe Kiingereza. Hamdani akawa anaamkia kituoni, mchana anahamia bandani, na kati ya meza ile na televisheni ile hakuwa na hata nusu saa ya kuwa mtu wa kawaida.

Siku Agnesi alipofika mezani mvua ilikuwa inapiga turubai, na Hamdani alikuwa ameshasikiliza watu ishirini na saba. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mjane, mtu wa mji wa Baraka ng'ambo ya ziwa, mwembamba, viganja vimechubuka. Alikuwa na watoto watatu na shemeji yake Feliksi, mdogo wa marehemu mumewe, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akitetemeka ingawa hapakuwa na baridi.

Agnesi alisema. Alisema kwa muda mrefu, kwa Kiswahili cha kwao, macho yake yakimtazama Mama Fomu na si mkalimani. Mumewe alikuwa mvuvi mwenye boti ya mashine, akaumwa mgongo, hivyo kwa miaka minne yeye Agnesi ndiye aliyevuta kamba ya kuwashia na kuongoza. Mume alipofariki aliendelea. Jioni askari walipoingia Baraka alipakia watu ishirini na watatu. Alikaa nyuma kwenye mashine, ambayo kwao huitwa motere, watoto watatu akawabana katikati ya miguu yake, na yule wa nne, Anatoli, wa miaka miwili, akampa Feliksi. "Nilimwambia, shika huyu, mikono yangu ina kazi." Risasi zikaanza kutoka ufukoni. Boti ikalala upande mmoja. Feliksi akaingia chini ya nyavu, na alipoingia mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nilimuona mtoto akienda," Agnesi alisema. "Kichwa chake kilikuwa juu ya maji. Ningegeuza boti tungewapa risasi ubavu wote, watu ishirini na watatu. Miye njo nilishika motere. Sikugeuza."

Halafu akaeleza safari yote mpaka alfajiri, mafuta yalivyokaribia kuisha, taa za Kigoma zilivyoonekana zikapotea zikaonekana tena.

Na Hamdani alikuwa wapi? Alikuwa pale pale kwenye kiti, masikio wazi, na hakuwa pale. Mvua juu ya turubai ilinguruma kama jenereta la Dadi. Macho yake yalikuwa yamelegea. Aliiona boti, aliziona risasi zikichora mistari majini, aliona picha nzuri mno, na kinywa chake kikaenda peke yake kwenye njia kiliyoizoea. Kwa Kiingereza safi, cha Mpulungu, alimwambia Mama Fomu hivi: shemeji yake alishika mashine akawavusha watu wote. Mama huyu alikuwa amekumbatia watoto, akisali. Risasi zilipozidi mikono ilimchoka, mtoto mmoja akamponyoka.

Mama Fomu aliinua macho akamtazama Feliksi kwa heshima kubwa. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa Agnesi. Agnesi aliutazama ule mkono, akamtazama Hamdani, lakini Hamdani alikuwa ameshampungia anayefuata.

Kadi ya chakula iliandikwa kwa jina la Feliksi, mkuu wa kaya.

Ukiuliza kwa nini Feliksi hakusema kitu, mimi nakuuliza wewe ungesema nini. Hakujua Kiingereza. Siku mbili baadaye watu wakaanza kumwita Kapteni. Mama Fomu alikuwa amewasimulia wageni wa shirika, wageni wakawasimulia walinzi, walinzi wakampa sigara. Waliokuwa naye botini walishapandishwa malori ya kwanza kwenda kambini, hapakuwa na wa kubisha ila Agnesi, na yeye hakuna aliyemuuliza. Mwanzoni kijana aliinamisha kichwa. Wiki ya pili akaanza kukiinua. Wiki ya tatu alikuwa akieleza jinsi mashine ile ilivyokuwa nzito kugeuza, na nadhani kuna nyakati, alasiri za ukungu, aliamini kabisa kwamba viganja vyake ndivyo vilivyochubuka.

Jumatano, Hamdani akiwa anakula mkate kwa chai nyuma ya hema, Agnesi alimjia akasimama.

"Papa, nataka kukuuliza," alisema. "Siku ile nilisema mpaka mate yakanikauka. Wewe ulisema maneno ya kujaza kiganja. Nilipofika kwenye motere, yule mama alimtazama Feliksi. Kwa nini alimtazama Feliksi?"

"Mama, mimi nilisema ulivyosema," Hamdani alijibu. Huo sasa ulikuwa uongo, na alijua kuwa ni uongo wakati bado uko mdomoni.

"Leo nimepeleka mtoto kwa Skolastika." Skolastika alikuwa muuguzi wa kituo, mwenyeji wa Kidahwe. "Ameniambia pole. Ameniambia nisijilaumu, mikono huchoka. Nani amemwambia mikono yangu ilichoka?"

Hamdani aliweka mkate chini.

"Kesho lori linaondoka," Agnesi aliendelea, na sauti haikupanda hata kidogo. "Batoto wangu wote watatu wameandikwa kwa Feliksi. Jina langu halimo. Wanasema nibaki hapa kwanza, nipumzike, akili itulie, nitafuata. Skolastika amenisomea: mama hana uwezo wa kushika watoto kwa sasa. Imeandikwa. Papa, hawa ndio nilionao."

Alisubiri. Hamdani alisema atalitazama jambo hilo, maneno ambayo watu wa ofisini huyasema wasipotaka kutazama, akapanda baiskeli yake akaenda bandani kabla ya saa.

Alikuwa na woga, tuseme ukweli. Kwenda kwa Mama Fomu na kusema nilikosea ni kuiaga kazi, na kazi ile ndiyo iliyomwezesha kumrudisha binti yake Hasna shule. Tena si kukosea tarehe au jina la kijiji. Angeambiwa nini? Njia nzima alijiambia kwamba wakubwa watapanga, kwamba kambini mambo hurekebishwa, kwamba mama na wanawe hawatapotezana dunia hii ndogo.

Kanda ya siku ile ilikuwa mpya. Stelingi alikuwa mwanamke, amembeba mgongoni mzee aliyejeruhiwa, anapanda ukuta wa mwamba kwa kamba moja na chini ni maji. Hamdani alianza vizuri. Alikuwa ameshampata mwanamume wake, rubani fulani aliyeonekana dakika mbili, akawaambia watu kwamba rubani ndiye aliyefunga kamba. Kisha picha ikafika pale. Mkono wa yule mwanamke uliteleza, vidole vikaanza kuachia kimoja kimoja, na banda lote likavuta pumzi tayari kuitikia.

Sauti haikutoka.

Alifungua mdomo tena. Jenereta lilinguruma nje, nalo likawa mashine ya boti, na giza la banda likawa na unyevu. Alisikia maji chini ya mabenchi. Aliona vichwa vya watazamaji vikielea juu ya kiza, na kimoja kilikuwa kidogo sana, mbali na vingine, kinakwenda. Alijua akisema neno kichwa kile kitazama majini. Alisimama na kipaza sauti mkononi, na picha iliendelea bila yeye.

Kwa mara ya kwanza katika banda la Dadi watu walitazama. Mkono wa yule mwanamke haukuachia. Aliing'ang'ania kamba kwa meno, kwa magoti, akapanda, akamlaza mzee juu, akarudi chini kumfuata mwingine. Rubani hakuonekana kabisa.

"Kwani stelingi yuko wapi?" mmoja aliuliza gizani.

"Si huyo hapo," akajibu mwingine kwa sauti ndogo.

Zuhra aliposikia kimya kinazidi alidhani mumewe ameanguka. Aliacha sambusa kwenye mafuta akaingia, mikono ina unga, kanga imemteleza kichwani, na wala hakukumbuka kwamba atasemwa. "Baba Hasna, unaumwa?" Kisha macho yake yakaenda kwenye televisheni, naye akabaki amesimama hapo mpaka mwisho.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye anasukuma baiskeli, Zuhra amebeba sufuria la sambusa zilizoungua. Jua lilikuwa bado halijazama. Milima ya Zaire ilionekana ng'ambo, samawati, kama inayeyuka.

"Na yule aliyevunja gereza?" Zuhra aliuliza.

"Mwanamke."

"Na yule wa kwenye treni, aliyekandamiza breki kwa mwili wake? Nililia siku ile."

"Mwanamke, Mama Hasna."

"Miaka yote hii," Zuhra alisema. Alihamishia sufuria mkono wa pili. "Miaka yote nimekaa kwenye moshi nikiwaonea wivu hao wanaume."

Hapo Hamdani alimwambia habari ya Agnesi. Alimwambia yote, hata ule uongo wa nyuma ya hema, akiangalia gurudumu la mbele. Alitarajia mkewe amfariji, kwa kuwa Zuhra alikuwa mwanamke wa kufariji watu.

"Hao wa kwenye kanda," Zuhra alisema, "mimi nitakusamehe. Hao hawana watoto kwenye lori la kesho."

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata malori yalisikika kabla ya kuonekana. Watu walipanda kwa majina. Feliksi alikuwa amesimama na watoto watatu, amevaa kofia aliyopewa na mlinzi, na Agnesi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwao, upande wa wanaobaki, amemshika mtoto wake mdogo kwa macho tu. Mama Fomu alitembea na ubao wake wa karatasi. Hamdani alimfuata akamwambia.

Hakuremba. Alisema, siku ile nilikwambia kitu ambacho mama huyu hakukisema. Yeye ndiye aliyeshika mashine. Mtoto hakuwa mikononi mwake.

Mama Fomu aliushusha ubao wake. Hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza swali ambalo Hamdani hakuwa amejiandaa nalo: wanawake wangapi wamepita kwenye meza yako?

"Sijui," alisema Hamdani. Na kweli hakujua. Walikuwa wengi, na katika kila habari alikumbuka mwanamume fulani, na hakuweza tena kusema kama mwanamume huyo alikuwemo au alimtia yeye. Machozi yalimtoka mbele ya watu, na hakuyafuta.

Mama Fomu aliliashiria lori lisubiri. Waliweka meza kwenye ukungu, wakamwita Agnesi, wakamwita Feliksi. Hapakuwa na mkalimani mwingine asubuhi ile, ikabidi awe yeye, na Mama Fomu alimwagiza kwa ukali: sentensi moja, usimame, sentensi moja, usimame. Hamdani hakuwahi kufanya kazi namna hiyo maishani. Agnesi alisema sentensi, naye akaibeba ilivyo, akaiweka upande wa pili, akarudi kuchukua nyingine. Hakuona picha yoyote. Aliona uso wa mwanamke aliyekuwa mbele yake, na ilikuwa vigumu kuutazama. Walipofika kwenye maneno "kichwa chake kilikuwa juu ya maji" aliyasema na hayo.

Dereva alipiga honi. Mama Fomu akamgeukia Feliksi: na wewe unasemaje?

Feliksi alivua kofia. Alimtazama Hamdani kwa namna ambayo Hamdani aliielewa vizuri sana, namna ya mtu anayemwomba mwenye sauti amsaidie tena kidogo, mara moja tu. Ingekuwa rahisi. Neno moja lingetosha kumpa kijana jeraha begani, au wimbi kubwa, au giza. Hamdani alifumba mdomo akangoja.

"Nilimwachia," alisema Feliksi mwishowe. "Nilisikia risasi nikamwachia. Sikumbuki kuingia kwenye nyavu. Nakumbuka shati lake, lilikuwa limelowa, likapita hapa." Akaonyesha vidole vyake. "Kisha mukasema ni miye niliendesha, na miye nikapenda iwe hivyo. Ndipo nikapata usingizi."

Hamdani aliyageuza yote, mpaka lile la usingizi.

Kalamu ilichukua muda kuandika. Mama Fomu alikata mstari, akaandika jina la Agnesi juu, mahali pa mkuu wa kaya, na chini yake watoto watatu. Akauliza jina la yule wa nne na umri wake, akaliandika kwenye karatasi yake ya pembeni, herufi kwa herufi, Agnesi akimtamkia. Kisha akasema kwa kuwa mambo ni haya, kijana anaweza kupelekwa kambi nyingine, mbali, mama asimuone tena. Agnesi aseme tu anavyotaka.

Hamdani alitafsiri. Watoto walikuwa wameshamkimbilia mama yao, mmoja amemshika kanga, mmoja mkono, mmoja anampima usoni kama ni yeye kweli. Agnesi alimtazama Feliksi. Alimtazama mpaka kijana akachuchumaa kwenye mchanga, kofia mikononi.

"Mwambie risasi zilikuwa nyingi," Agnesi alisema. "Aandike na hiyo. Hata wanaume wakubwa walilala chini."

Hamdani akasema.

"Na huyu," Agnesi alisema, "amwandike chini yangu. Baada ya batoto."

Hamdani akasema na hilo, sentensi ya mwisho aliyoitafsiri kituoni. Mama Fomu aliandika mstari wa tano kwenye kadi, akampa Agnesi mkononi, na hakumwangalia Hamdani tena. Agnesi aliikunja kadi akaifunga kwenye pindo la kanga. Akampandisha mkubwa, akampandisha wa kati, akamwinua mdogo mpaka juu kwa viganja vile vyenye makovu mabichi, akapanda mwenyewe. Injini ya lori ikawaka. Kijana alikuwa bado amechuchumaa chini, hajui aende wapi.

"Feliksi," Agnesi aliita kutoka juu. "Panda."